Karudi Kutoka Oman, Mtoto Hamjui

Katoro ni mji wa dhahabu, na anayetoka mbali hutarajiwa kuwa na fedha. Binti aliyefanya kazi za ndani Oman akishuka stendi, ndugu huulizia zawadi. Usingizi wake haulizwi.

Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilieleza mateso ya Watanzania huko: pasi kushikiliwa na waajiri, kazi hadi saa 21 kwa siku. Mwili uliozoeshwa hivyo hushtuka usiku hata kwa mama mzazi.

Gumu zaidi ni mtoto aliyeachwa kwa bibi. Bibi ndiye “mama”, huyu mgeni ni “dada”. Asilazimishwe, aogeshwe na kulishwa naye taratibu, akilala kwa bibi.

Usingizi ukikosekana wiki kadhaa, mama aende kituo cha afya kabla ndugu hawajasema karogwa.