Tuyajue Magugu Yetu (3): Kishona nguo

Wiki iliyopita tulimaliza magugu ya jamii ya nyasi. Leo tunaingia katika familia ya alizeti, tukianza na mmea ambao kila mkulima amewahi kuzibandua mbegu zake kwenye suruali au kanga: kishona nguo, ambao wataalamu huuita Bidens pilosa. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, lakini sasa umejaa Afrika Mashariki, mashambani na kando ya njia.

Wengi hutaka kuutambua kwa ua, nalo ua halitoshi. Tunachokiita ua moja ni kichwa chenye vijiua vingi vya njano vilivyobanana. Pembezoni huweza kuwapo petali tano hivi nyeupe, au zisiwepo kabisa. Tena Tridax procumbens na Galinsoga parviflora, magugu ya familia hiyohiyo, nayo yana kitovu cha njano chenye petali nyeupe au za rangi ya maziwa.

Basi anza na shina. Livingirishe kati ya vidole: la kishona nguo lina pembe nne. Tridax hutambaa, na kila ua lake husimama peke yake juu ya kikonyo kirefu. Kisha tazama majani. Ya kishona nguo huota mawilimawili yakielekeana, na kwa kawaida kila jani limegawanyika vipande vitatu hadi vitano vyenye meno ukingoni. Ya wenzake hao wawili hayagawanyiki hivyo.

Mbegu ndiyo humaliza ubishi. Ni nyeusi, nyembamba, ya urefu wa sentimita moja hivi, na nchani ina miiba miwili au mitatu. Kila mwiba una vijino vilivyogeukia nyuma, ndiyo maana ukishanasa kwenye kitambaa hautoki kwa kukung'uta.

Mkulima ajue pia kwamba mbegu za kichwa kimoja hazifanani: ndefu za katikati huota upesi, fupi za pembezoni hukawia udongoni. Kwa hiyo palizi moja haitoshi. Majani machanga chuma ule, ni mboga. Yaliyobaki yang'oe kabla mbegu hazijawa nyeusi, na uzibandue zilizonasa nguoni kabla hujaingia shamba jingine.

Wiki ijayo: gugu karoti.