Je, Wajua? Dawa za Mapafu Zilizoanzia Shambani

Je, wajua kwamba virusi haviui peke yao? Mafua makali au UVIKO-19 vikishuka mapafuni, kinga ya mwili huweza kupambana kupita kiasi. Mapafu huvimba, vifuko vya hewa vikajaa majimaji, na oksijeni ikashindwa kuingia kwenye damu. Ndiyo maana madaktari hutafuta pia dawa ya kuituliza kinga yenyewe.

Je, wajua kwamba kiazi kikuu kilishusha bei ya dawa ya uvimbe? Katika miaka ya 1940, dawa hiyo, kotisoni, ilitengenezwa Marekani kutokana na nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zipatazo 36. Ilikuwa adimu na ghali mno. Mkemia Russell Marker alikuwa amegundua kwamba viazi vikuu vya mwituni vya Mexico vina diosijenini, inayogeuzwa kuwa homoni ya projesteroni. Mwaka 1952, watafiti wa kampuni ya Upjohn walionyesha kwamba kuvu aina ya Rhizopus huweza kuisogeza projesteroni hiyo hatua kubwa kuelekea kotisoni.

Je, wajua kwamba mkonge wetu nao ulihusika? Nyuzi ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Maji na makapi yalikuwa yakitupwa. Katika miaka ya 1950, wanakemia wa Uingereza walipata hekojenini katika utomvu wa mkonge wa Afrika Mashariki, na kampuni ya Glaxo ikaitumia kutengenezea kotisoni.

Je, wajua kwamba ndugu wa kotisoni aliokoa wagonjwa wa UVIKO-19? Juni 2020, majaribio ya RECOVERY nchini Uingereza yalionyesha kwamba deksamethasoni ilipunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliopewa oksijeni tu. Wasiohitaji oksijeni haikuwafaa kitu. Kinga ikizimwa mapema, virusi hupata mwanya.

Je, wajua kwamba si kila dawa ya mmea hufaulu? Gloriosa superba, mmea utambaao wenye maua mekundu na ya njano, huota porini Afrika Mashariki. Una kolchisini, dawa ya zamani ya jongo. RECOVERY iliijaribu dawa hiyo kwa wagonjwa zaidi ya 11,000 wa UVIKO-19, na vifo havikupungua. Mmea wenyewe ni sumu: kula kiazi chake kunaweza kuua.

Je, wajua kwamba manjano ya mchuzini hayafiki mapafuni kirahisi? Kukumini iliyomo hutuliza uvimbe katika maabara, lakini ikimezwa, utumbo na ini huiondoa upesi. Utafiti wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba piperini ya pilipili manga huongeza kiasi kinachofika kwenye damu takriban mara 20. Lakini piperini hiyo hiyo huweza kuzidisha dawa nyingine mwilini.

Mimea imetupa tiba za kweli, na kila moja ilithibitika kwa kipimo, kwa wakati wake na kwa mgonjwa wake. Anayehema kwa shida apelekwe hospitali mara moja, na daktari aambiwe kila dawa ya miti shamba aliyokunywa.