Nilivyoiua kaktasi ya mwenzangu kwa kuimwagilia

Mwenzangu wa chumba alipokwenda fildi mwezi wa saba aliniachia vitu viwili: ndoo yake na kaktasi. Hiyo kaktasi, ndefu kama kalamu na nene kama chupa ya soda, alikuwa nayo tangu kidato cha tano. Alikuja nayo Dar kutoka Singida kwa basi, ameipakata njia nzima. "Usiiue tu, mwaya," aliniambia. "Yenyewe haina shida."

Basi nikawa naimwagilia kila asubuhi nikinywa chai. Wiki ya tano nikaigusa, ikabonyea kama papai lililoiva. Chini imekuwa kahawia, na inanuka.

Nilikuwa nadhani mmea wa jangwani una kiu ya kudumu. Kumbe shina lake ni tangi. Asili ya kaktasi ni bara la Amerika, na nyingi zinatoka sehemu ambazo mvua ikinyesha inanyesha, kisha kimya kirefu. Mizizi inakunywa haraka, shina linavimba, udongo unakauka. Majani yamegeuka miiba, na kazi ya kutengeneza chakula inafanywa na shina la kijani. Hata vitundu vyake vya hewa hufunguka usiku kukiwa na ubaridi, ili maji yasipotee. Mmea wa namna hiyo hautumii kikombe cha maji kwa siku. Maji yangu yalikuwa yanatuama tu, mizizi ikakosa hewa, ikaoza.

Kwa hiyo usiulize imwagiliwe kila baada ya siku ngapi. Chukua kijiti cha mishikaki, kichomeke mpaka chini ya chungu, kisha kichomoe. Kikitoka na unyevu au udongo umeganda, acha. Kikitoka kikavu, subiri siku mbili tatu, halafu mwagilia kwelikweli mpaka maji yatoke chini, na yale ya kwenye kisahani uyamwage. Kijiko kimoja kila siku ni kibaya kuliko kusahau. Wakati wa masika, kwa unyevu huu wa Dar, chungu kinaweza kukaa wiki mbili na zaidi bila kukauka. Kitoe kwenye mvua.

Kosa la pili lilikuwa la mwenye mmea, ingawa sikuthubutu kumwambia: aliupanda kwenye kikombe cha kauri kisicho na tundu. Kizuri kwa picha, lakini ni kaburi. Kopo la rangi ulilolitoboa kwa msumari ni bora zaidi, na huna haja ya kungoja bumu. Udongo mweusi wa bustani peke yake unashika maji mno. Changanya kopo moja la udongo na makopo mawili ya mchanga mnene wa mto na kokoto ndogondogo. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi.

Iweke dirishani penye jua. Ikianza kurefuka, nyembamba na imepauka, inatafuta mwanga. Isogeze nje kidogokidogo, maana ikitoka kivulini moja kwa moja jua litaibabua na hilo kovu halifutiki. Ukiona vidudu vyeupe kama pamba, vifute kwa pamba yenye spiriti.

Halafu, si kila kinachouzwa barabarani kwa jina hilo ni kaktasi. Kaktasi miiba yake huchipuka kwenye vidoti vidogo vyenye manyoya. Kama haina vidoti hivyo, na ikijeruhiwa inatoa maziwa meupe, huyo ni ndugu wa minyaa. Matunzo karibu ni yale yale, ila maziwa yake ni hatari kwa macho. Nawa mikono kwanza.

Ya mwenzangu nilimpigia simu kumwambia. Alinyamaza mpaka nikadhani salio limeisha. Kisha akasema, "Kata juu." Nikafuta kisu kwa spiriti, nikawa nakata vipande kutoka chini mpaka nyama ikawa ya kijani tupu, bila doa la kahawia katikati. Kipande kilichobaki, kama kidole gumba, nikakilaza kivulini juu ya gazeti siku kumi, hadi kidonda kikawa kikavu kama ngozi. Nikakipanda kwenye mchanganyiko mkavu, bila tone la maji kwa wiki mbili.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa mwenyewe alirudi, akakivuta taratibu kwa vidole viwili. Kikagoma kutoka. Amekihamishia dirisha la upande wake, na zamu ya kumwagilia sijapewa tena.