Je, Wajua? Mwaka Ambao Pool Ilikuwa na Mabingwa Wawili wa Dunia

Ukiulizwa nani alikuwa bingwa wa dunia wa pool ya mipira tisa mwaka 1999, taja jina lolote kati ya mawili, utapewa alama. Efren Reyes wa Ufilipino alitwaa taji mjini Cardiff, Wales, katika mashindano ya Matchroom, kampuni ya Mwingereza Barry Hearn. Baadaye mwaka huohuo Mmarekani Nick Varner akatwaa la kwake mjini Alicante, Hispania, katika mashindano ya shirikisho la dunia, WPA. Pande hizo mbili zilipopatana hakuna aliyevuliwa taji. Majina yote mawili yakaingizwa kwenye orodha ya mabingwa. Kiungwana, ndiyo. Lakini hebu soka ijaribu hivyo na Kombe la Dunia.

(Hii si ile pool ya mipira myekundu na ya njano iliyojaa kwenye baa zetu. Hapa mipira ina namba, na lazima uanze kugonga wenye namba ndogo kuliko yote mezani.)

Je, wajua kwamba kuna miaka ambayo ubingwa huo haukuchezwa kabisa? Daryl Peach wa Uingereza alishinda Novemba 2007. Mrithi wake, Francisco Bustamante, alipatikana Doha mwaka 2010. Mwaka 2008 na 2009 hapakuwa na kitu.

Zawadi iliyovuma kuliko zote ilitangazwa Reno, Marekani, mwaka 2006: dola 500,000 kwa mshindi. Aliyeileta ni Kevin Trudeau, mtu wa matangazo ya biashara ya televisheni, aliyeanzisha mfululizo wake mwenyewe wa mashindano, International Pool Tour. Reyes, tena yeye, akashinda. Kisha ikabainika kwamba fedha za kuwalipa wachezaji hazipo, wakaambiwa watalipwa kwa mafungu. Trudeau mwenyewe alihukumiwa miaka 10 jela mwaka 2014, ila si kwa ajili ya pool. Ni kwa kudharau amri ya mahakama kuhusu kitabu chake cha kupunguza unene.

Ugomvi kati ya waandaaji wa mashindano na shirikisho hauishi kwa sababu mchezaji wa pool, hata akiwa bingwa, kwa kawaida hana klabu wala mshahara. Nauli yake, hoteli yake, mara nyingi na ada ya kuingia mashindanoni pia ni yake. Mashindano mawili yakiangukia wiki moja, anachagua moja na kupoteza jingine, na mashabiki hawaoni nyota wote mahali pamoja. Mwandaaji ana televisheni na fedha. Shirikisho lina kibali, uwakilishi wa nchi, na ndoto ya Olimpiki, ambako pool haijawahi kuingia. Kwa maoni yangu hakuna anayeweza kumshinda mwenzake, na hapo ndipo balaa lilipo: kila mmoja anaweza tu kumharibia mwenziwe kalenda.

Mwaka 2024 ubingwa wa dunia ulihamia Jeddah, Saudi Arabia, ukiwa na jumla ya dola milioni moja. Fedor Gorst alishinda na kupewa 250,000, nusu ya ile ahadi ya Reno, ila hizi zilikuwa fedha za kweli. Katika kipindi hichohicho WPA na Matchroom zilikuwa zimekwaruzana upya, na wachezaji wakionywa kwamba wakicheza mashindano yasiyo na kibali watafungiwa.

Wanawake wa Marekani walichoka mapema na mambo haya. Chama chao, WPBA, kilichoanzishwa mwaka 1976, kilijitenga na wanaume mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kuendesha mfululizo wake chenyewe. Televisheni ya ESPN ikawafuata, na Jeanette Lee, aliyevaa nyeusi kila alipocheza, akajulikana na watu ambao wasingeweza kukutajia hata bingwa mmoja wa kiume.