Enzi Haizaliwi, Hujengwa: Funzo la Ukoo wa Ranjit Singh

Katika vitabu vingi vya historia, mfalme huingia akiwa amekwisha kuvaa taji. Mwanafunzi hukariri jina lake, mwaka wa kutawazwa na mwaka wa kufa, kisha hufunga daftari akiamini kwamba wapo watu waliozaliwa watawale na wengine waliozaliwa watawaliwe. Imani hiyo ni potovu, na upo ukoo mmoja wa Punjab, katika Bara Hindi, unaotosha kuikanusha.

Ukoo huo ni wa Sukerchakia, uliomzaa Maharaja Ranjit Singh. Jina lake halikutokana na kasri wala cheo, bali na kijiji kilichoitwa Sukerchak. Buddha Singh, anayetajwa kuwa mhenga wao wa kwanza mashuhuri katika dini ya Masingasinga, alisifika kwa ujasiri na kwa farasi wake, si kwa utajiri.

Ni nini basi kilichowainua? Kwanza ni majira yenyewe. Aurangzeb alipofariki mwaka wa 1707, dola ya Mughal ilianza kulegea, na baadaye majeshi ya Ahmad Shah kutoka Afghanistan yakawa yanaivamia Punjab mara kwa mara. Masingasinga, ambao Guru Gobind Singh alikuwa amewaunganisha katika Khalsa mwaka wa 1699, waliunda vikosi vya wapanda farasi vilivyoitwa misli. Mkulima asiyekuwa na serikali ya kumkinga aliwapa sehemu ya mavuno yake ili walinde shamba lake. Hivyo ndivyo ulinzi ulivyozaa utawala.

Charat Singh, babu yake Ranjit, alijenga ngome Gujranwala na kuunda misli yake mwenyewe, lakini akauawa na bunduki yake iliyompasukia mkononi. Mwanawe, Maha Singh, aliyapanua maeneo hayo. Ranjit alizaliwa mwaka wa 1780, akapewa jina lenye maana ya mshindi wa vita. Ndui ilimpofusha jicho la kushoto, na babake akafariki kabla yeye hajawa mtu mzima.

Wanaosimulia habari hizi kana kwamba ni za wanaume pekee na wamkumbuke Sada Kaur, mama mkwe wake, kiongozi wa misli ya Kanhaiya. Mwezi Julai 1799, majeshi yake yalishirikiana na ya Ranjit kuutwaa mji wa Lahore. Kijana huyo alikuwa hajatimiza miaka 19.

Alipotawazwa mwaka wa 1801, sarafu zake hazikubeba jina lake bali ziliwatukuza Maguru. Mshauri wake mkuu wa mambo ya nje alikuwa Mwislamu, Fakir Azizuddin. Jeshi lake lilifunzwa na Allard, Mfaransa, na Ventura, Mwitaliano. Alifanya mapatano na Waingereza mwaka wa 1809, kisha akaitwaa Multan mwaka wa 1818, Kashmir mwaka wa 1819 na Peshawar mwaka wa 1834.

Hata hivyo, penye sifa pana dosari. Kabla yake, viongozi wa misli walikuwa wakikutana Amritsar na kukata shauri kwa pamoja. Chini ya Ranjit desturi hiyo ilififia, na nchi nzima ikaegemea bega la mtu mmoja. Mtu huyo alipofariki mwezi Juni 1839, bega likaondoka.

Yaliyofuata yanasikitisha. Kharak Singh, mrithi wake, alipokonywa madaraka na akafa mwaka wa 1840. Mwanawe akaangukiwa na lango siku ile ile ya mazishi ya babake. Sher Singh aliuawa mwaka wa 1843. Kiti kikamwangukia Duleep Singh, mtoto wa miaka mitano. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru: Waingereza walipigana na Masingasinga mara mbili, na mwaka wa 1849 mtoto huyo akatia sahihi ya kuisalimisha nchi pamoja na almasi ya Koh-i-Noor. Alifia Paris mwaka wa 1893.

Mkasa huo ulitufikia hata sisi. Ni kwa kuwa Punjab ilikuwa mikononi mwa Waingereza ndipo walipoweza kuchukua humo vibarua na mafundi wengi wa kujenga reli kutoka Mombasa hadi Kisumu, kati ya 1896 na 1901.

Ukoo uliohitaji vizazi kadhaa kupanda ulianguka katika miaka kumi. Haukukosa jeshi, hazina wala ushujaa. Ulikosa utaratibu ambao ungeendelea kusimama baada ya shujaa kuzikwa. Basi mwalimu anapofundisha habari za watawala, wawe wa Lahore au wa Afrika, asiridhike na kuuliza ni nani aliyetawala. Na aulize pia: ni nini kilichomwinua, na ni nini alichokiacha kikisimama? Mwanafunzi atakayelijibu swali la pili atakuwa ameelewa historia, na huenda siku moja akawa raia asiyedanganyika kwa urahisi.