Kijana Anayetaka Kuishi kwa Ngumi

Vijana wa Kilosa na Mikumi wanaposikia sifa za mabondia, wengine hutamani kuifanya ngumi kuwa kazi yao. Twaona ni vema wazazi na walimu wawe na jibu, wala lisiwe la kukemea tu.

Twamtwaa Cornelius Boza-Edwards awe mfano. Alizaliwa Kampala mwaka 1956, akahamia Uingereza angali kijana, na mwaka 1976 akaanza kupigana kwa malipo. Tarehe 8 Machi 1981, huko Stockton katika Marekani, alimshinda Rafael Limón kwa raundi 15, akawa bingwa wa dunia wa WBC katika uzito ulio chini kidogo ya uzani mwepesi. Lakini tarehe 29 Agosti mwaka uo huo Rolando Navarrete alimwangusha katika raundi ya 5, na ubingwa ukamtoka. Haukutimiza miezi sita.

Baadaye aliingia uzani mwepesi, ambao mwisho wake ni kilo 61 na kidogo. Mwaka 1986 Héctor Camacho alimshinda kwa pointi huko Miami. Mwaka 1987 José Luis Ramírez akamwangusha mjini Paris. Hapo akaacha. Alikuwa amepigana mara 53 na kushinda mara 45, naye ni mtu wa miaka 31 tu. Mkulima wa Kilosa, katika umri huo, ndiyo kwanza ana nguvu zake!

Tena iko hatari. Mwezi Novemba 1982, katika uzani huo mwepesi, Kim Duk-koo wa Korea aliangushwa na Ray Mancini katika raundi ya 14, akafa baada ya siku chache. Kwa sababu hiyo WBC ilipunguza raundi za ubingwa kutoka 15 hata 12.

Basi tumwambie nini kijana wetu? Mazoezi yaupasa mwili, hatumkatazi. Ila ajifunze na ufundi mwingine, mganga ampime, na mkataba usomwe na mtu mwenye elimu kabla hajautia sahihi. Boza-Edwards mwenyewe, alipokwisha kuvua glovu, aliishi kwa kuwafundisha wengine. Mikono huchoka mapema, maarifa hubaki.