Gari Lililozimika Kianjai
Tulikuwa tukitoka Maua kwenda Meru, watoto wamelala nyuma, gari letu kuukuu lilipozimika Kianjai. Kila tulipoinua mguu kwenye mafuta, injini ilitetemeka ikafa, na nyuma yetu magari ya miraa yakatupigia honi kwa haraka zake. Fundi wa kwanza alitaka tununue vali mpya ya hewa. Wa pili, mzee mtulivu, alituomba kwanza tusikilize.

Mafuta yasipokanyagwa, alisema, mlango wa hewa hufungwa, na injini huvuta pumzi kupitia vali ndogo ya pembeni. Masizi yakiiziba, injini huzimika. Mpira wa hewa ukipasuka, hewa ya ziada huingia. Injini huyumba au hunguruma kupita kiasi. Magari mengi ya petroli hutulia kwenye mizunguko 650 hadi 850 kwa dakika.

Mzee aliikagua mipira, akaiona mizima. Akaifungua vali, akaisafisha. Injini ikatulia.

Akina mama, fundi akitaja kifaa kipya, muulizeni: mipira umeikagua? Vali umeisafisha? Maswali hayo yalituokolea fedha za karo.